Bila Shaka Aliiba

Kiingereza kina kirai kifupi cha maneno mawili: "no doubt". Ukikipeleka kwenye kamusi unapata "hakuna shaka", na mtu anayejifunza lugha hiyo ana haki ya kuamini kwamba anayekitumia ana uhakika na anachosema. Halafu anakutana nacho ndani ya sentensi. "No doubt you are tired." Msemaji hajui kama umechoka. Hajakuuliza. Amekuona unaingia saa tatu usiku, begi begani, viatu vimejaa vumbi, akakisia. Angekuwa anajua, asingehitaji kutaja shaka; angekuvutia kiti.

Kiswahili nacho kina mchezo huohuo. "Bila shaka umechoka." "Bila shaka mmeshakula." Sentensi hiyo ya pili ni swali lililovaa nguo za taarifa, na wapo wenyeji wanaoitumia kuzima suala la chakula kabla halijaanza. Mgeni mwenye adabu atajibu "tumeshakula", tumbo likinguruma, na hakuna aliyesema uongo kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Nasoma shahada ya uzamili ya isimu, na mwaka huu nimekusanya sentensi za namna hii kwa miezi mingi kuliko nilivyopanga. Sitawachosha na jedwali. Ninachotaka kukisema kinahusu sehemu moja ambapo mchezo huu unaacha kuchekesha, nayo ni mahakamani, na nje kidogo ya mahakama, pale tunaposoma habari zake na kuzungumza. Lakini siwezi kufika huko bila kueleza kwanza jinsi kirai chenyewe kinavyokaa katika sentensi.

Linganisha hizi mbili: "Hakuna shaka kwamba ameondoka" na "Bila shaka ameondoka." Aliyesema ya kwanza amekuta chumba kitupu na jirani amemwambia alimwona akipanda basi. Aliyesema ya pili ameona taa imezimwa. Kiingereza kinatenganisha vivyo hivyo: "There is no doubt that he has left" ni kauli ya mtu aliye tayari kubishana, "No doubt he has left" ni ya mtu anayekisia huku akivua koti. Maneno ni yaleyale, mahali pake tu pamebadilika. Shaka likiwa ndilo habari kuu ya sentensi, unaweza kumrudi msemaji ukamwambia, "Shaka lipo." Likisogezwa pembeni likawa pambo la mwanzo wa sentensi, hakuna pa kumshika. Mara nyingi Kiswahili huongeza na dalili nyingine: "Bila shaka atakuwa ameondoka." Wakati ujao umeingia kusimulia jambo lililokwisha kutokea, kwa kuwa tukio limepita lakini uthibitisho wake ndio bado haujafika.

Wanaisimu wamelijadili jambo hili kwa miongo kadhaa kwa kutumia neno "must" la Kiingereza, ambalo kwetu ni "lazima" ya "lazima atakuwa amechoka". Mwaka 1972 Lauri Karttunen alionyesha ajabu iliyomo: neno linalodai ulazima linaishia kuwa hafifu kuliko sentensi tupu. "Amechoka" ni nzito kuliko "lazima atakuwa amechoka". Mwaka 2010 Kai von Fintel na Anthony Gillies wakajibu kwamba neno halijapoteza nguvu yake yoyote. Linachofanya ni kutoa taarifa kwamba msemaji amefika kwenye jambo kwa kukisia kutokana na dalili, hakuliona. Kwa Kiswahili naegemea upande wao. Anayesema "bila shaka umechoka" pengine ana uhakika mkubwa sana. Anachokiri, bila kujua kwamba anakiri, ni njia aliyopita kuupata uhakika huo.

Kipo pia kile cha wahakiki: "Bila shaka mwandishi amejitahidi, lakini..." Hapa kirai kinatoa kwa mkono wa kulia ili wa kushoto upate kunyang'anya. Ukikikuta mwanzoni mwa aya, tafuta "lakini" iko mstari wa ngapi. Na kipo cha kujibia: "Utakuja harusini?" "Bila shaka!" Kinatamkwa kwa nguvu zote, ingawa waliowahi kukaa kwenye kamati ya harusi wanajua thamani yake ikigeuzwa fedha taslimu. Na kipo cha insha zetu za chuoni, ambacho mimi nakiona kibaya kuliko vyote: "Bila shaka Shaaban Robert ndiye..." Kimewekwa mahali ambapo palitakiwa pawe na ushahidi. Msahihishaji akipita hapo na kalamu nyekundu huwa anafanya kazi ya wakili wa utetezi bila kulipwa.

Sasa twende mahakamani.

Kiwango cha uthibitisho katika kesi za jinai, kwa nchi zilizorithi sheria za Kiingereza, kinabebwa na maneno "beyond reasonable doubt". Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, Sura ya 6, inacho, na inakitofautisha na kiwango cha kesi za madai, ambako inatosha upande mmoja kuwa na uzito kuliko mwingine. Kesi inayotajwa sana ni ya Woolmington. Reginald Woolmington alikuwa kijana wa miaka 21, kibarua wa shambani kusini magharibi mwa Uingereza. Desemba 1934 mke wake, Violet, ambaye alikuwa amerudi kwa mama yake, aliuawa kwa risasi ya bunduki aliyokwenda nayo mumewe. Woolmington alisema alitaka kumtisha kwamba atajiua, bunduki ikafyatuka. Jaji aliliambia baraza la raia kwamba, kifo kikishathibitika, ni juu ya mshtakiwa kuonyesha kuwa ilikuwa ajali. Akahukumiwa kunyongwa. Mwaka 1935 shauri lilifika House of Lords, na Lord Sankey akaweka sawa jambo ambalo leo kila mwanafunzi wa sheria wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala analijua: mzigo wote ni wa upande wa mashtaka, na mwisho wa ushahidi likibaki shaka la maana, mshtakiwa anaachiwa. Woolmington akaachiwa.

Angalia kwamba nimeandika "shaka la maana". Neno "reasonable" halipo pale kama urembo. Mwaka 1947, katika shauri ambalo wala halikuwa la jinai, lilihusu pensheni ya vita, Jaji Denning alieleza kwamba kuthibitisha kwa kiwango hiki si kuthibitisha mpaka kivuli cha shaka kitoweke. Sheria, alisema kwa maana hiyo, haiwezi kuilinda jamii kama itakubali kila jambo la kufikirika likwamishe haki. Kama kinachomtetea mtu ni uwezekano wa mbali, wa aina ya "huenda, nani ajuaye", uthibitisho umetimia. Kwa hiyo kuna mashaka ya aina mbili. Moja linamfungulia mtu mlango wa kutoka, jingine halifungui chochote, na kivumishi kimoja ndicho kinachoyatenganisha.

Fungua sasa habari yoyote ya mahakamani kwa Kiswahili cha Tanzania. Utasoma kwamba upande wa mashtaka "umethibitisha mashtaka bila kuacha shaka yoyote", au "pasipo kuacha shaka", au kwamba "umeshindwa kuthibitisha pasipo shaka". Ukivuka Namanga utakutana na "bila tashwishi yoyote". (Kuna ugomvi mdogo kuhusu ngeli, kama ni "shaka yoyote" au "shaka lolote". Mimi naandika "lolote", na magazeti karibu yote yananipinga. Neno lenyewe halina hakika na mahali pake.) Wapo mawakili na mahakimu wanaosema "shaka ya msingi" au "shaka ya maana", na heshima kwao. Lakini sentensi iliyozoeleka, ile inayosomwa redioni na kurudiwa kwenye daladala, imekitupa kivumishi na badala yake imeweka "yoyote", ambayo ni kinyume chake kabisa. Kiingereza kimesema: ondoa mashaka yenye maana. Sisi tumesema: ondoa yote.

Mtu anaweza kuuliza, kwa haki, hilo linamdhuru nani? Kiwango kikipandishwa juu zaidi mshtakiwa si anafaidika?

Hapo ndipo kitabu kimoja kilinisaidia, ingawa sikubaliani nacho chote. Mwaka 2008 James Q. Whitman, mwanahistoria wa sheria wa Chuo Kikuu cha Yale, alichapisha *The Origins of Reasonable Doubt*. Hoja yake ni kwamba maneno haya, yaliyokomaa karne ya 18, hayakuanza kwa kumhurumia mshtakiwa. Yalianza kwa kuihurumia roho ya anayehukumu. Katika Ukristo wa zamani wa Ulaya, kumwaga damu ya asiye na hatia, hata kwa kalamu, kulikuwa dhambi ya kumpeleka jaji motoni, na fundisho lilikuwa kwamba palipo na shaka njia salama ni kujizuia. Raia wa kawaida waliokalishwa kwenye baraza waliogopa. Wakahitaji kuambiwa: shaka lako likiwa si la maana, hukumu, utalala usingizi. Kwa usomaji huu kivumishi kiliwekwa ili kurahisisha kumtia mtu hatiani, na ulinzi wa mshtakiwa ukaja kukitegemea baadaye.

Nadhani Whitman anaisukuma hoja mbali kidogo. Karne hiyohiyo mawakili wa utetezi walikuwa wanayatumia maneno hayo kwa faida ya wateja wao, na lugha haiwezi kubaki mali ya aliyeianzisha. Lakini ananifundisha kitu kimoja: kirai hiki kinaeleza hali ya mtu anayehukumu. Si kipimo cha ukweli uliolala mahali fulani ukisubiri kuokotwa. Kinauliza: wewe, binadamu, baada ya kusikia yote haya, bado una jambo la maana linalokuzuia? Majaji wa Uingereza wenyewe siku hizi hupendelea kuliambia baraza kwa maneno mepesi kwamba lazima wawe na hakika. Ukimwondolea hakimu wetu kivumishi, unamlazimisha aandike kwamba ameona kama malaika. Hakuna kesi isiyo na shaka lolote. Mashahidi wawili waliosimama kona moja ya soko hawakubaliani rangi ya shati. Basi "bila kuacha shaka yoyote" haiwezi kutimizwa, na kila anayeiandika anajua haijatimizwa. Inageuka kuwa dua ya kufungia hukumu. Dua ya namna hiyo haimlindi mtu.

Madhara mengine yapo kwetu tunaosoma. Mtu akitiwa hatiani "bila kuacha shaka yoyote", tunafunga kitabu. Anayekata rufaa anaonekana msumbufu. Akiachiwa kwa sababu ushahidi umeacha shaka, tunasikia "limebaki shaka dogo tu, kaponyokea hapo". Kwa kuwa tumeambiwa shaka lolote linatosha, tunaamini kwamba lililomtoa ni lolote. Hatufikirii kwamba lilikuwa kubwa.

Mtaani kwetu kulikuwa na mama mmoja, mtunza sanduku wa kikundi cha vikoba. Anayevifahamu vikundi hivi anajua sanduku lenyewe: la chuma, lina kufuli tatu, na funguo tatu zinashikwa na wanachama watatu tofauti. Sanduku hulala kwa mtu wa nne. Yeye alikuwa wa nne. Siku ya kugawana, mwisho wa mwaka, wakalifungua mbele ya wote, kufuli zote tatu nzima, fedha pungufu. Akashtakiwa. Kesi ilisikilizwa kwa Kiswahili, kama zinavyosikilizwa mahakama za mwanzo tangu zamani, miaka mingi kabla Bunge halijakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria mwaka 2021. Hakimu akamwachia. Sababu aliyoitoa, kama ilivyofika mtaani, ni kwamba mwenye sanduku hana funguo, wenye funguo hawana sanduku, na hakuna aliyeeleza zile kufuli zilifunguliwaje.

Nilikuwa nyumbani likizo wiki hiyo. Nilichokisikia kibarazani, sokoni, kwa fundi cherehani, kilikuwa sentensi moja, na imebaki kwangu kuliko sentensi yoyote niliyoikusanya kwa ajili ya tasnifu: "Bila shaka aliiba, ushahidi tu ndio haukutosha."

Shangazi yangu alikuwa mwanachama wa kikundi. Nilimuuliza, "Shangazi, kwani ulimwona?"

"Ningemwona, mwanangu, si ningesema nimemwona."

Hakuna makala ya isimu iliyowahi kunifafanulia kirai hiki vizuri zaidi. Anajua kabisa kwamba "bila shaka" yake ni ya kukisia. Akiibanwa ataitetea kama kisio: sanduku lilikuwa kwake, mwezi uleule aliezeka upya jikoni, alikuwa mkimya siku ya kugawana. Lakini sentensi ikishatoka kibarazani haiendi na maelezo hayo. Anayeisikia kwa fundi cherehani anasikia maana ya kamusi: hakuna shaka, aliiba. Hivyo mtaa, ambao haukuona kitu, unazungumza kwa uhakika. Mahakama, iliyosikiliza siku tatu, imeachiwa neno "haukutosha". Na lile "tu" la katikati ndilo linalomaliza kazi. Linafanya kukosekana kwa ushahidi kuonekane kama kukosekana kwa chumvi: chakula kipo, kasoro ndogo.

Kinachonisumbua ni kwamba lugha yetu haikukosa zana za kulisema jambo hili. Tuliosoma madrasa tukiwa watoto tulifundishwa viwango vya uhakika kabla hatujafundishwa kuzidisha. Kanuni ilikuwa kwamba yakini haiondolewi na shaka. Mfano wake ulikuwa udhu. Umetawadha, una yakini. Sasa umesimama kusali unashuku kwamba umetengukwa. Endelea kusali, mpaka usikie sauti au uhisi harufu. Darasa zima lilikuwa linaangua kicheko hapo, ustadhi akisubiri tumalize. Nyuma ya kicheko kulikuwa na fikra kamili: kuna hali ya asili, na anayetaka kuibadilisha ndiye mwenye kuleta uthibitisho. Kanuni dada yake inasema asili ya mtu ni kutodaiwa. Anayedai ndiye athibitishe. Weka hilo pembeni ya hukumu ya Lord Sankey uone umbali uliopo ni mdogo kiasi gani.

Na kulikuwa na mpangilio wa maneno. Yakini iko juu. Dhana iko chini yake, pale upande mmoja unapolemea lakini wa pili haujafa. (Siku hizi sisi wa vyuoni tumeifanya "dhana" kuwa wazo lolote la kitaaluma, "dhana ya utaifa", "dhana ya jinsia", na ladha yake ya kukisia imebaki kwenye "dhana mbaya" peke yake.) Shaka ni mizani iliyosimama sawasawa. Na chini kabisa kuna wasiwasi. Mtu anayerudia udhu mara tano hana shaka, ana wasiwasi. Dawa yake ni kuupuuza, kwa maana wasiwasi ukiupa sikio unataka mengine. Hii ndiyo tofauti aliyoihangaikia Denning kwa aya nzima: lipo shaka la kulipima na upo wasiwasi wa kuupuuza. Mwanamke wa Tanga anaitaja kila siku bila kujua kwamba ni nadharia: "Hiyo si shaka, huo ni wasiwasi wako tu."

Irudishe kwenye sanduku. Wakati wa kesi, mwanachama mmoja alikuwa akieneza kwamba fedha ilichukuliwa na chuma ulete, kwamba kuna mtu alikuwa anaivuta kwa mbali bila kugusa kufuli. Mahakama haikulitumia hilo, na kwa haki. Hata kama hakimu angekuwa na chembe ya kuliamini, huo ni wasiwasi. Kufuli tatu na funguo tatu zilizo mikononi mwa watu wengine ni jambo tofauti kabisa. Hilo unaweza kulieleza kwa mtu ambaye hakuwepo akakuelewa. Unaweza kuliandika. Unaweza kumwita mwenye ufunguo wa pili ukamuuliza usiku ule alikuwa wapi. Lakini kwa kipimo cha "shaka yoyote", chuma ulete na funguo tatu vinalingana. Vyote viwili ni "yoyote". Ndiyo maana mtaa uliweza kuyaweka kapu moja na kuyacheka pamoja.

Basi tusemeje? "Shaka lenye busara", tafsiri ya neno kwa neno, haisimami: busara ni ya mtu, shaka halina busara. "Shaka la kuridhisha" ni baya zaidi, linasikika kana kwamba kuna mtu limemfurahisha. "Shaka la maana" ni la Kiswahili kabisa na nimelitumia humu, ila "maana" imebeba mizigo mingi. Msikilizaji anaweza kudhani ni shaka muhimu, ilhali jambo dogo kama rangi ya shati linaweza kuwa shaka halali kesi nzima ikisimama juu ya shati hilo. Mimi nachagua "shaka la msingi", kwa sababu ndivyo baadhi ya mahakimu wanavyosema tayari na hatuhitaji kamati ya kulibuni, na kwa sababu "msingi" unamdai anayeshuku aonyeshe shaka lake limejengwa juu ya nini. "Upande wa mashtaka umeshindwa kuthibitisha bila kuacha shaka la msingi." Ni neno moja zaidi. Mhariri anayehesabu nafasi ya kichwa cha habari atalikata, najua, lakini ndani ya habari lina mahali pa kukaa. Na likiwepo, msomaji analazimika kuuliza msingi wenyewe ulikuwa upi, na mwandishi wa habari za mahakama anawajibika kuutaja: kufuli zilikuwa ngapi, funguo alikuwa nazo nani.

Kuhusu "bila shaka" ya kibarazani sina pendekezo. Haisahihishwi kwa kalamu nyekundu, na wala sitaki kuishi mahali ambapo mgeni anayeingia usiku na begi begani anasubiri uthibitisho kwamba amechoka. Shangazi bado anaitumia. Yule mama naye hakuhama. Anauza mkaa kwa ndoo nyumba ya tatu kutoka kwetu, anaandika madeni kwenye daftari la shule, na jina la shangazi limo kurasa mbili. Mara ya mwisho nilitumwa mimi kwenda kulipa. Aliniuliza kiasi gani shangazi amenipa, akafungua daftari, akaweka alama ya vema kwa kalamu ya risasi, halafu akanirudishia mia tano niliyozidisha.